Bomba na Mtungi: Chombo katika Historia ya Gesi ya Songo Songo

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2004. Insha hii inadai kwamba katika miaka hiyo 30, na hata baadaye, manufaa ya gesi yameamuliwa na chombo cha kuibebea kuliko wingi wake.

Hoja hii ina kitangulizi katika historia ya Kilwa yenyewe. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa Kisiwani katika karne ya 13 hadi ya 15 haikuchimbwa huko. Ilitoka bara kupitia Sofala. Kilwa ilishika njia na bandari. Leo hali imegeuka: mali iko Kilwa, njia imeshikwa kwingine.

Chombo cha kwanza cha gesi kilikuwa bomba. Lilipita chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo. Bomba ni ghali, hivyo humfuata mteja mkubwa. Somanga Fungu huzalisha umeme kwa gesi hiyo, lakini jikoni pwani bado hutumika kuni na mkaa, au gesi ya mitungi inayoagizwa kutoka ng'ambo. Gesi hiyo ya kuagizwa huwa kimiminika kwa shinikizo dogo. Ya Songo Songo, ambayo karibu yote ni methani, haiwi hivyo. Hushindiliwa hadi baa 200.

Shinikizo hilo lilihitaji mtungi mnene wa chuma, wenye uzito wa takriban kilo 1 kwa kila lita ya ujazo. Mtungi wa aina ya nne umebadili hesabu hiyo: bitana ya polima huzuia gesi isivuje, na nyuzi za kaboni zilizozungushwa juu yake hubeba shinikizo. Uzito hushuka hadi karibu theluthi moja. Kwa jahazi au lori, tofauti hiyo ni gesi zaidi katika kila safari, hata kwa vijiji ambavyo bomba halivifikii.

Hata hivyo, wepesi pekee hautoshi. Nyuzi za kaboni ni ghali, na mtungi uliogongwa unaweza kuficha ufa ndani, hivyo unahitaji wakaguzi waliofunzwa. Bila vituo vya kujazia na ukaguzi pwani kwenyewe, mtungi utafuata njia ileile ya bomba. Kwa hiyo, swali la kihistoria kwa Kilwa si kiasi gani cha gesi kimo ardhini, bali nani anamiliki chombo.