Rukhi

Rukhi (pia Rukh) ni ndege mkubwa mno wa hekaya za Waajemi na Waarabu, anayesemekana kunyakua tembo kwa kucha, kupaa naye na kumwachia aanguke apasuke. Mara nyingi hutiwa fungu moja na Simurghi na Huma, ndege wengine wa hekaya, ilhali kazi zao hazifanani. Katika utenzi wa Shahnama, alioumaliza mshairi Firdausi mwaka 1010, Simurghi anamlea Zal, mtoto aliyetupwa mlimani kwa kuzaliwa na nywele nyeupe, kisha anampa unyoya wa kuchoma siku ya shida. Zal anauchoma mkewe Rudaba anaposhindwa kumzaa Rustam, na ndege anaelekeza mama aleweshwe mvinyo, apasuliwe ubavu, ashonwe. Huma naye hutoa ufalme kwa yeyote anayeangukiwa na kivuli chake. Rukhi hamlei wala hamtawazi mtu. Ni ndege wa hofu ya mabaharia.

Asili yake

Msafiri Marco Polo alisimulia mwishoni mwa karne ya 13 kwamba Rukhi huonekana visiwa vya kusini mwa Madagaska, ingawa yeye hakufika huko. Madagaska kweli ilikuwa na Aepyornis, ndege wa kimo cha karibu mita 3, aliyetoweka yapata miaka 1000 iliyopita. Yai lake, la urefu wa sentimita 30 hivi, huchukua zaidi ya lita 8. Katika karne ya 19 iliandikwa kwamba Wamalagasi walifika Mauritius kununua ramu wakitumia maganda hayo kama vyombo. Wapo wanaopinga kwamba hekaya ilitokana na Aepyornis, kwa kuwa hakuruka. Ni kweli, lakini aliyeletewa ganda tupu hakuwa na njia ya kulijua hilo. Pingamizi zito ni la msafiri Ibn Battuta, aliyemsimulia Rukhi katika karne ya 14 akiwa safarini kutoka China, mbali na Madagaska. Basi yaelekea Madagaska haikumzaa Rukhi. Ilimpa makao na ushahidi wa kushikika mkononi.

Pwani na bara

Kumhusisha na Washirazi wa Kilwa kunavutia, ila nasaba ya Shirazi yenyewe wanahistoria wengi huiona kama dai la hadhi, na mabaharia wa pepo za msimu walitosha kuisambaza hekaya. Kwenye Maziwa Makuu, Rukhi hubaki wa vitabuni, hasa katika hadithi za safari za baharia Sindbad. Ndege wa fahari huko ni korongo taji, aliyemo katika bendera ya Uganda tangu 1962.