Jina la Mtunzi, Kutoka Kitabu cha Katuni Hadi Filamu

Mwalimu aliyenifunza arudhi alikuwa na kawaida moja iliyotuudhi sana tulipokuwa vijana. Ukimpelekea utenzi wako, uwe hata wa beti mia, hakuanza kuusoma kutoka juu. Alifunua ukurasa wa mwisho kutazama kama umejitaja, na asipoliona jina alikurudishia karatasi zako bila neno. Kwake, utenzi ambao mtunzi hakujitaja katika beti za tamati ulikuwa haujaisha. Nimemkumbuka hivi karibuni nilipokuwa nikisoma historia ambayo yeye, nadhani, asingeijali hata kidogo: historia ya vitabu vya katuni vya Marekani na filamu zilizotokana navyo.

Kiswahili kimeviweka vitu hivi viwili karibu sana. Mchoro wa karatasini ni picha, na waliokwenda sinema zamani walisema wanakwenda kutazama picha. Wazee wetu walisoma gazeti la miaka ya 1960 lililoitwa African Film, la mpelelezi Lance Spearman. Halikuwa filamu, bali hadithi iliyosimuliwa kwa picha za kamera zilizopangwa ukurasani, na maneno yakiandikwa juu yake. Hakuna aliyelalamika kwamba amedanganywa na jina.

Huko Marekani ujirani huo ulianza kwa bei rahisi. Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, waliuza hadithi ya kwanza ya Superman. Kurasa zilikuwa 13, na kila ukurasa ulilipwa dola 10. Kwa dola hizo 130 walikabidhi pia haki zote za mhusika wao, milele. Hadithi ikatoka katika toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1941, studio ya Fleischer ilimtia Superman katika filamu fupi za katuni, na hapa wapenzi wa lugha wanisikilize. Kitabuni, mwanzoni, Superman hakuwa na uwezo wa kwenda angani kama ndege. Alichupa tu, akavuka majengo kwa mruko mmoja, kisha akatua. Kwenye filamu kuchupa na kutua kila mara hakukupendeza machoni, hivyo akafanywa apae, na kitabu nacho kikafuata. Kiingereza kina vitenzi viwili tofauti kwa mambo hayo. Sisi tuna kuruka, neno linalomtosha panzi na linalomtosha mwewe. Lau Siegel angaliandika kwa Kiswahili, sentensi zake zisingalihitaji kubadilishwa hata herufi.

Filamu, kwa hiyo, ilichukua na pia ilitoa. Lakini watunzi hawakuwemo katika biashara hiyo. Mwaka 1947 Siegel na Shuster walikwenda mahakamani kudai mhusika wao. Shauri lilimalizika mwaka uliofuata kwa malipo, haki zikabaki kwa mchapishaji, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi za Superman. Miaka mingi ikapita hivyo. Kuna watakaosema kwamba walitia saini wenyewe, na ni kweli walitia. Ila mkataba unaweza kuuza shamba. Sijaona bado mkataba unaoweza kufanya kwamba aliyelilima hakulilima.

Kilichowarudisha ni filamu. Mwaka 1975, kampuni ya Warner ilipokuwa ikiandaa picha kubwa ya Superman, Siegel alivisambazia vyombo vya habari waraka mrefu wa kuilaani filamu hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 61. Shuster, mchoraji, alikuwa karibu kipofu. Wachoraji wenzao wakapaza sauti, magazeti yakaandika, na kampuni ikaona aibu iliyokuwa ikija. Desemba ya mwaka huohuo ilikubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. (Marlon Brando, aliyemwigiza baba yake Superman kwa dakika chache, alilipwa zaidi ya dola milioni 3.) Filamu ilipotoka mwaka 1978 ilianza kwa jalada la Action Comics la Juni 1938, na mkono wa mtoto ukiufunua ukurasa. Majina ya Siegel na Shuster yakapita kwenye pazia mbele ya watazamaji ambao, wengi wao, hawakuwa wamewahi kuyasikia.

Bill Finger hakuwa na bahati ya kuishi hadi siku kama hiyo. Mwaka 1939 rafiki yake Bob Kane alikuwa na mchoro wa mtu-popo mwenye nguo nyekundu, mabawa magumu na kinyago kidogo cha macho. Finger akamshauri amvike kofia yenye masikio, badala ya mabawa ampe joho, na rangi ziwe za giza. Finger ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza, ndiye aliyempa Batman jina la Bruce Wayne, na ndiye aliyeupa mji wake jina la Gotham. Kane, aliyejua kujadiliana vizuri kuliko wenzake, alipata mkataba uliomtaja yeye peke yake. Sipendi kumfanya Kane kuwa shetani wa kisa hiki. Alichora, alithubutu, na biashara ile haikuwa na huruma kwa yeyote. Lakini alinyamaza muda mrefu mno.

Finger alifariki mwaka 1974. Mwaka 1989 filamu ya Batman ya Tim Burton ilijaza majumba ya sinema duniani, na jina la muasisi lililoandikwa lilikuwa la Kane tu. Mwaka huohuo Kane alikiri, katika kitabu cha kumbukumbu zake, kwamba Finger alistahili kutajwa. Kukiri huko kulibaki kitabuni. Ilibidi mwandishi mmoja, Marc Tyler Nobleman, afuatilie nyaraka na jamaa za marehemu hadi akampata mjukuu wake, na mjukuu akadai. Septemba 2015 kampuni ya DC ilitangaza kwamba Finger atatajwa, na Machi 2016 jina lake likaonekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Batman kama muasisi, katika Batman v Superman. Mhusika alikuwa na umri wa miaka 77.

Niliitazama filamu hiyo nyumbani na mpwa wangu. Kwa maoni yangu ni filamu nzito isiyo na ladha, lakini nilikuwa na haja nayo moja tu. Mstari ulipopita nilimwomba aisimamishe na airudishe nyuma. Akaniuliza, “Mjomba, kimeandikwa nini hapo?” Nikausoma kwa makini, maana wanasheria waliutunga kwa makini. Siegel na Shuster wameunganishwa kwa kiunganishi cha kawaida cha Kiingereza, kile cha watu walio sawa. Kwa Finger wametumia neno jingine dogo, lile la mtu aliyekuwapo pembeni akisaidia. Mimi sikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Nikamwambia, “Batman alibuniwa na Bob Kane na Bill Finger.”