Stendi Mbili za Dar na Jiji Lililovunjwa

Hapa Babati ukitaka mjadala usioisha, taja stendi. Anza na muuza kahawa, malizia na diwani, kila mtu ana lake la kusema. Si ajabu. Mji huu ni wa njia panda: barabara ya Arusha inakutana na ya Singida na ya Dodoma, na tangu Mkoa wa Manyara umegwe kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu, wanaoshuka hapa ili kupanda gari jingine ni wengi. Mbulu, Hanang, Kiteto, Simanjiro, wote wana shughuli na ofisi za mkoa.

Swali ambalo limenisumbua kwa muda ni dogo tu. Kwa nini stendi huchukua miaka mingi kujengwa katika nchi hii? Haina mitambo ya ajabu. Ni eneo, zege, paa, vyoo na geti. Nimefuatilia na nikajikuta narudi Dar es Salaam, ambako mabasi yetu mengi ya safari ndefu huishia, na mwanzoni kabisa mwa habari hii nikamkuta mtu wa Manyara.

Twende nyuma kidogo. Kabla ya Ubungo, mabasi ya mikoani yalikuwa yanaondokea katikati ya jiji, Mnazi Mmoja, Kisutu na maeneo ya Kariakoo. Waliosafiri miaka hiyo wanakumbuka: basi limeegeshwa kando ya barabara, mizigo iko chini, huyu anauza mkate, yule anavizia mfuko wako. Kadiri jiji lilivyopanuka mabasi yale yakawa yanaziba mitaa ambayo haikuchorwa kwa ajili yake. Kwamba yaondolewe mjini, hilo lilijulikana. Nani ayaondoe, hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Halmashauri ya Jiji yenyewe ilikuwa hoi. Taka zilikuwa haziondolewi, barabara zilijaa mashimo na makusanyo yalikuwa haba.

Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye akaivunja halmashauri hiyo. Sumaye, kwa wasiojua, ni mtu wa Hanang, jirani zetu hapa, na alikuwa mbunge wa huko. Badala ya madiwani ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na Tume hiyo ikaliendesha jiji hadi mwaka 2000, ilipoundwa Halmashauri mpya ya Jiji pamoja na manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ni katika kipindi cha Tume ndipo kituo cha mabasi cha Ubungo kilipojengwa. Hakukuwa na diwani wa kuuliza kwa nini kiende Ubungo na si kwenye kata yake. Keenja alipotoka kwenye Tume aligombea ubunge, na jimbo alilolipata mwaka 2000 liliitwaje? Ubungo! Akalishika hadi 2010.

Kwa msafiri wa Babati, Ubungo ilikuwa ndiyo Dar yenyewe. Unashuka usiku umechoka, vumbi la barabara bado liko kwenye nywele, na watu watano wanakushika mkono mmoja kila mmoja akiita teksi yake. Wakati wa kuondoka ilikuwa shughuli nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ilikuwa imepiga marufuku mabasi kusafiri usiku kwa sababu ya ajali na ujambazi, marufuku iliyodumu takriban miaka 30 hadi ilipoondolewa mwaka 2023. Kwa hiyo mabasi ya mbali, ya Mwanza, Bukoba, Arusha, Mbeya, yote yalitaka kutoka kwa mkupuo mmoja saa 12 asubuhi ili yafike kabla giza halijawa kubwa. Hebu fikiria. Eneo moja, geti moja, mamia ya injini zinanguruma kwa pamoja, na nje ni Barabara ya Morogoro ambayo wafanyakazi wa jiji zima nao wanaitaka saa hiyo hiyo. Msongamano wa Ubungo tuliouzoea ulichangiwa pia na ratiba iliyoandikwa na sheria. Hili huwa halisemwi sana.

Halafu ukaja mradi wa mabasi yaendayo haraka, tunayoyaita mwendokasi. Wakala wake, DART, uliundwa mwaka 2007, ujenzi wa awamu ya kwanza ukaanza 2012, na abiria wa kwanza wakapanda Mei 2016. Njia hiyo ya kilomita 20.9 inatoka Kimara inapita Ubungo kwenda Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Mwendokasi ukahitaji sehemu ya eneo la Ubungo. Kwa hiyo mabasi ya mikoani yalipaswa kusogea tena, safari hii hadi Mbezi Luis. Kila mtu alijua yatahama. Miaka ikapita yakiwa pale pale, kwenye eneo lililopungua.

Na hapa ndipo niombe uvumilivu wa msomaji, maana lazima tuongee fedha. Halmashauri zetu zina vyanzo vichache sana vya kujivunia: ushuru wa masoko, ushuru wa mazao, maegesho, leseni, na stendi. Stendi ni tamu kwa sababu fedha yake ni ya kila siku, taslimu, mvua au jua. Basi linalipa kuingia, kibanda kinalipa pango, choo kinalipiwa, na pale Ubungo hata anayemsindikiza mama yake alitoa shilingi 200 getini. Mwaka 2016 serikali kuu ilihamishia kodi ya majengo kwa TRA, na mwaka uliofuata ada za mabango zikafuata njia hiyo hiyo. Kwa halmashauri za mijini lilikuwa pigo. Kilichobaki mkononi kikazidi thamani, na stendi ilikuwa mojawapo.

Sasa weka siasa juu yake. Katika uchaguzi wa 2015 vyama vya UKAWA vilipata viti vingi Dar es Salaam, na baada ya uchaguzi wa meya kuahirishwa mara kadhaa, Machi 22, 2016, Isaya Mwita wa Chadema akawa Meya wa Jiji. (Mtu wetu wa Hanang, yule aliyeivunja halmashauri mwaka 1996, wakati huo naye alikuwa amehamia upinzani! Alirudi CCM Februari 2020. Siasa zetu zina njia panda nyingi kuliko Babati.) Jiji likawa chini ya upinzani, mkoa chini ya mkuu aliyeteuliwa na Rais, na mfuko wa kujenga stendi mpya uko Hazina. Halmashauri isingeweza kujenga kituo cha ukubwa ule kwa ushuru wake. Ilibidi isubiri.

Fedha zilikuja kupitia mpango wa serikali kuu wa kuzipa halmashauri ruzuku kwa miradi ya kimkakati, yaani miradi ya kuziingizia mapato. Ujenzi wa Mbezi Luis ukaanza Januari 2019, mkandarasi akiwa kampuni ya Kichina, Hainan International, kwa gharama ya shilingi bilioni 50.9. Mwaka 2020, ambao ndio ulitarajiwa kuwa wa kukamilika, ukaisha kituo hakijazinduliwa. Meya Mwita hakukiona kikifunguliwa akiwa ofisini. Januari 2020 madiwani walimpigia kura ya kumwondoa, na katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo upinzani ukafagiliwa karibu wote kwenye mabaraza ya Dar.

Februari 24, 2021 Rais John Magufuli akazindua. Siku hiyo hiyo alifungua daraja la juu la Ubungo lililopewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja kabla. Kituo cha Mbezi kikapewa jina la Rais mwenyewe. Na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam imevunjwa, hadhi ya jiji inakwenda Ilala. Yaani chombo kilichosimamia ujenzi wa stendi kilifutwa siku stendi ilipofunguliwa. Siku 21 baadaye, Machi 17, Rais naye akafariki.

Niseme ukweli, hoja ya kuivunja haikuwa ya kijinga. Jiji lilikuwa halina eneo lake. Kila kata ya Dar ilikuwa tayari ndani ya manispaa fulani, na madiwani wa Jiji walitoka kwenye mabaraza ya manispaa badala ya kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Lakini tazama ilivyokaa. Ubungo imezaliwa wakati madiwani hawapo. Mbezi imezinduliwa siku madiwani wanaondolewa. Katikati, kuanzia 2000, kulikuwa na baraza na stendi mpya ilikuwa mipango. Mtu wa haraka atasema: basi, madiwani ndio tatizo, tuwaondoe kila mahali tujenge.

Sikubaliani naye, na sababu yangu iko Moshi. Manispaa ya Moshi nayo iliingia kwenye miradi ile ya kimkakati kwa stendi ya Ngangamfumuni, wakati huo baraza likiwa la Chadema. Mwaka 2020 baraza likaenda CCM, chama kile kile kinachoshika Hazina. Kama ugomvi wa vyama ndio uliokuwa kizuizi, ujenzi ungekimbia. Haukukimbia, ulisimama, na nguzo zikabaki zikiangalia Kilimanjaro. Kinachofanana kati ya Moshi na Dar si rangi ya bendera. Ni kwamba anayehitaji stendi siye anayeshika fedha. Halmashauri inapanga, Hazina inaamua, na mkandarasi anasubiri hati yake ya malipo ilipwe. Mabaraza yakivunjwa mambo yanakwenda haraka kwa kuwa wakati huo anayeamua na anayelipa ni mmoja. Ukimpa diwani wa kawaida mfuko wake mwenyewe, na akawa anajua wapiga kura watamuuliza, sioni kwa nini ashindwe.

Na haraka nayo ina gharama zake. Mbezi Luis iko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya Dar. Kituo kilipofunguliwa, mwendokasi uliishia Kimara, kwa hiyo msafiri aliyetoka Babati alfajiri alishuka na mabegi yake kisha akaanza kutafuta daladala, au akakubali bei ya bodaboda. Wenye mabasi hawakuwa wajinga. Wengi waliendelea na ofisi zao Shekilango na kupakia huko, mamlaka zikakataza, wakalalamika, kukawa na vikao na matamko. Abiria walipiga kura kwa miguu, walipanda palipo karibu na kwao. Mimi mwenyewe nimewahi kukata tiketi iliyoandikwa kituo kimoja, nikaambiwa kwa simu nikapandie kingine, na nusu saa ya kufika. Basi la kampuni gani sitaji.

Kwa sisi wa huku mambo yamebadilika kwa upande mwingine pia. Zamani safari ya Dar ilikuwa ni kupanda kwanza kaskazini hadi Arusha, Moshi, ndipo uteremke Segera na Chalinze, kwa sababu njia ya Kondoa ikinyesha ilikuwa ya kuombea. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Sasa kuna basi linalopita Kondoa na Dodoma moja kwa moja, na abiria wa Singida, Arusha na Dodoma wanapishana hapa hapa mjini kwetu. Kwa hiyo stendi ya Babati haiwezi tena kupimwa kwa mahitaji ya mji mdogo wa wilaya.

Kituo cha Magufuli kiliishia mikononi mwa Manispaa ya Ubungo, ambayo haikuwepo Jiji lilipoanza kuzungumzia kuhama. Ushuru wa geti unaingia huko. Wadau mliosafiri kupitia Kisutu na Mnazi Mmoja kabla ya Ubungo, niandikieni mlivyokumbuka nauli, muda wa kuondoka, na basi lilisimama mtaa gani hasa. Na walioko Moshi wanipe picha ya Ngangamfumuni ilivyo wiki hii.