KIBITI: UNAIPITA KILA SIKU, LAKINI UNAIJUA?

Leo bongo fleva na ndoa za mastaa tunaziweka pembeni kidogo, nawapeleka kwetu.

Ukipanda basi Mbagala Rangi Tatu kwenda Lindi au Mtwara, baada ya kama kilomita 140 unafika Kibiti. Vijana wanakimbilia dirishani na korosho, machungwa na mayai ya kuchemsha. Unanunua, gari linaondoka, imeisha hiyo. Wengine wanaijua Kibiti kwa yale mauaji ya 2015 mpaka 2017 tu. Kuna jamaa nilimwambia natokea Kibiti, akasogeza kiti. Alikuwa anacheka, lakini kiti alisogeza. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na ramani. Kibiti mjini iko juu, kwenye barabara. Ukishuka mashariki unakutana na delta, pale mto Rufiji unapogawanyika matawi mengi na kuingia baharini, ukitazamana na kisiwa cha Mafia. Mikoko yake ni kama hekta 53,000, hakuna msitu wa mikoko mkubwa kama huo Tanzania nzima. Boriti za huko zimepakiwa majahazini kwenda Arabuni tangu enzi za mababu. Salale, Mbuchi, Kiongoroni, kote huko usafiri ni mtumbwi na boti, na lazima usubiri maji yajae. Delta ndiko kwa Wanyagatwa, huku juu ni Wandengereko, na bondeni ni Warufiji.

Sasa historia. Septemba 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, halafu ikarudi kujificha ndani ya delta. Waingereza waliizingira miezi mingi mpaka wakaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaitoa mizinga yake 10, ikakokotwa nchi kavu ili ikapigane tena. Mmoja mpaka leo uko Pretoria, Afrika Kusini, watu wanapiga nao picha. Jina la nahodha liko vitabuni. Je, Waafrika waliokokota yale machuma kwenye matope na jua? Hakuna anayewataja.

Songa mbele mpaka 1968. Zamani watu wengi waliishi bondeni kabisa, kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Maji yakija yanastawisha mpunga, yakipungua wanapanda mlau. Mwaka huo mafuriko yakawa makubwa, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji: watu wahamie juu, kwenye vijiji vya ujamaa. Wakahama. Mashamba hayakuhama.

Bibi yangu ni mmoja wao. Amekaa huku juu zaidi ya miaka arobaini, lakini akisema "kwetu" alikuwa ananyoosha mkono kusini, upande wa mto. Nilipokuwa mdogo nilidhani anakosea njia.

Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, kivuko kikapumzika, na barabara ya kusini ikachangamka. Ndipo mabasi yakawa mengi na biashara ya dirishani ikanoga. Lakini mto haukusahau. Aprili 2024 maji yalifunika tena nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Mitandaoni watu wakauliza, "Hivi hawa kwanini hawahami?" Ndugu zangu, walishahama! Wanarudi bondeni kwa sababu udongo unaoletwa na maji ndio unaotoa mpunga. Mto unaowafukuza ndio huo huo unaowalisha.

Kuhusu idadi ya watu: sensa ya 2012 Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji, na wilaya yote ilikuwa na watu 217,274. Leo Kibiti ni wilaya kamili. Ila sensa inahesabu vichwa, haikwambii nani alitoka dungu gani.

Bibi ametangulia mbele za haki, na jina la kijiji chake cha bondeni sikuwahi kumuuliza. Nimeshachelewa. Wewe kama bado una mzee, mpigie leo, muulize alizaliwa wapi, nani walikuwa majirani zake, nani aliwahamisha. Andika majina.

Watu wa Bungu, Mchukwi, Ruaruke na Nyamisati, mpo? Dondosheni ya kwenu hapo chini.