Picha za Bure na Wenyewe

Kila mwaka, mwanafunzi msomaji, shule nyingi za nchi yetu hutoa gazeti la shule, na kila mwaka mhariri wake hupatwa na shida ile ile: maneno yapo, picha hazipo. Kadhalika kijana aliyeombwa na shangazi yake atengeneze tangazo la duka huyaandika maneno kwa saa moja, kisha akahangaika siku mbili akitafuta picha ya kuyapamba. Hapo wote wawili hufungua mtandao, wakatafuta picha za bure, na picha zikawamwagikia elfu kwa elfu kama mvua ya masika. Huchukua moja, wakaibandika, na kazi ikawa imekwisha.

Neno bure katika lugha yetu lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kitu kisicho na bei. Lakini mtu akisema amekwenda sokoni bure, maana yake hakuambulia kitu. Aghalabu watu huzichanganya maana hizi, wakadhani kwamba picha isiyo na bei haina mwenyewe, haina sheria, na wala hapana aliyeigharimia. Historia ya picha yatuonyesha mambo tofauti kabisa, na historia yenyewe si ndefu, kwani ni ya miaka ipatayo mia mbili tu.

Tuanze Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Palikuwa na mtu aliyeitwa Louis Daguerre, mchoraji wa mapazia makubwa ya michezo ya kuigiza. Mtu huyu alipata njia ya kunasa sura ya kitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, kwa nguvu ya mwanga na mvuke wa zebaki. Kazi hiyo hakuianza peke yake. Mwenziwe, Nicéphore Niépce, aliyemtangulia katika majaribio hayo, alifariki mwaka wa 1833, na sehemu yake katika mapatano ikarithiwa na mwanawe, Isidore. Daguerre alijaribu kwanza kuiuza siri yao kwa watu binafsi, asipate wanunuzi. Ndipo François Arago, bingwa wa elimu ya nyota na mjumbe wa bunge, alipoitangaza habari ya uvumbuzi huo mbele ya wataalamu mnamo tarehe 7 Januari 1839, kisha akaishawishi serikali iununue.

Serikali ikakubali. Daguerre aliwekewa malipo ya faranga 6,000 kila mwaka maisha yake yote, na Isidore Niépce faranga 4,000. Nao kwa upande wao waliitoa siri yao yote, pasipo kuficha neno. Tarehe 19 Agosti 1839 Arago aliieleza njia hiyo hadharani, na Ufaransa ikasema kuwa inaitoa zawadi kwa ulimwengu mzima. Yeyote aliyeweza kupata bamba, dawa na sanduku la kupigia picha alikuwa huru kuitumia, asimlipe mtu.

Yeyote, isipokuwa Mwingereza. Siku tano tu kabla ya tangazo hilo, wakili wa Daguerre alikuwa amekwisha kuandikisha uvumbuzi huo London, akapata hati ya serikali iliyomkataza mtu yeyote katika Uingereza kuutumia pasipo kulipa. Zawadi ya ulimwengu mzima ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtoaji. Sisemi haya ili kumdharau Daguerre, kwani mtu ana haki ya kula kwa jasho lake. Nataka uone mambo mawili tu. La kwanza, kile walichokipata watu bure kililipiwa kwa kodi ya Wafaransa. La pili, zawadi huja na masharti yake, na asiyeyauliza huenda akajikuta upande wa mlango uliofungwa.

Hiyo ilikuwa ni njia ya kupiga picha. Picha zenyewe nazo zilianza kuwa na wenyewe kwa sheria baada ya miaka michache. Uingereza iliziingiza picha katika sheria ya hakimiliki mwaka wa 1862. Marekani, jambo hilo lilikatwa na Mahakama Kuu mwaka wa 1884, katika kesi ya Napoleon Sarony, mpiga picha wa New York, ambaye picha yake ya mwandishi Oscar Wilde ilikuwa imenakiliwa na kuuzwa na kampuni ya wachapaji. Washtakiwa walidai kuwa kamera ni mashine, na mashine haiwezi kuwa mtunzi. Mahakama ikawajibu kwamba Sarony ndiye aliyemkalisha Wilde, akampangia mavazi, mwanga na mkao. Kwa hiyo picha ni utunzi wake, na haki ni yake.

Haki ikipatikana, biashara haiko mbali. Katika karne ya ishirini yalizuka maghala ya picha za akiba, yaani picha zilizokwisha kupigwa, zikawekwa tayari kungoja gazeti, mwenye kiwanda au mchapaji wa vitabu aje kuzikodi. Mmoja wa watu mashuhuri wa biashara hiyo alikuwa Otto Bettmann, mkutubi wa Berlin mwenye asili ya Kiyahudi, aliyewakimbia Wanazi mwaka wa 1935 akafika New York na masanduku mawili yaliyojaa picha. Katika masanduku hayo lilizaliwa ghala la mamilioni ya picha. Mwaka wa 1995 lilinunuliwa na Corbis, kampuni ya Bill Gates, na baadaye picha hizo zikahamishiwa Pennsylvania, katika mgodi wa zamani wa chokaa chini ya ardhi, ambako huhifadhiwa kwa baridi kali zisiharibike. Picha ya Daguerre ilitaka jua. Utajiri wa picha umeishia shimoni.

Sasa tufike kwenye picha za umma, kwani humo ndimo mna kisa ambacho ningependa ukitie moyoni. Katika miaka ya 1930 Marekani ilipatwa na ufukara mkubwa, na wakulima wengi wakayahama mashamba yao. Serikali iliunda idara ya kuwasaidia, na idara hiyo ikawaajiri wapiga picha waende vijijini kuyaonyesha maisha ya watu hao. Mkuu wao, Roy Stryker, alikuwa mkali hata alizitoboa tundu filamu alizozikataa, na matundu hayo yaonekana mpaka leo, mengine katikati ya uso wa mtu. Picha zilizosalia zilipelekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, mwaka wa 1944. Filamu zake ni kiasi cha 175,000. Kwa sheria ya nchi hiyo, kazi ya mtumishi wa serikali kuu aliyoifanya kazini haina hakimiliki: ni mali ya umma. Nawe ulipo, Garissa au Kakamega, waweza kuzipata leo bila ya kulipa kitu.

Iliyo mashuhuri kupita zote ilipigwa mwezi wa Machi 1936 na Dorothea Lange, katika kambi ya wavunaji wa njegere huko Nipomo, California, baada ya baridi kuyaua mazao na vibarua kukosa kazi. Yaonyesha mama aliyeshika shavu kwa mkono, macho yakitazama mbali, watoto wawili wamemwegemea wakiwa wamegeuza nyuso zao. Picha ilienea katika magazeti, katika vitabu, katika makumbusho. Lange alipata mshahara wake, na bei za mauzo hazikumhusu. Mama yule hakuulizwa hata jina.

Jina lake lilikuja kujulikana mwaka wa 1978: Florence Owens Thompson, wa kabila la Wacherokee, aliyekuwa na umri wa miaka 32 siku ile alipopigwa picha. Alimwambia mwandishi wa habari kwamba hakupata hata senti moja kutokana na picha hiyo, na kwamba ingekuwa heri asingepigwa. Kwa miaka arobaini na zaidi alikuwa sura ya umaskini wa taifa zima, ilhali yeye na wanawe walikwisha kutoka katika umaskini ule kwa kazi ya mikono yao. Alipougua mwaka wa 1983, watoto wake waliomba msaada, na watu walioijua picha wakatuma zaidi ya dola 30,000. Alifariki mwaka huo huo. Mwaka wa 1998 sura yake ilichapishwa kwenye stempu ya posta. Sheria ilisema kweli kwamba picha ile haina mwenyewe. Lakini uso ulikuwa na mwenyewe.

Hapana haja ya kwenda mbali kuliona jambo hilo. Chuo Kikuu cha Northwestern, katika jimbo la Illinois, kina mkusanyo wa picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, zilizopigwa kati ya mwaka wa 1860 na 1960. Ukizitazama utawaona wapagazi, wapiga makasia, wanawake wa pwani katika kanga zao, na mara nyingi maelezo yaliyo chini hutaja mahali au kabila, mtu asitajwe. Huenda mmoja wao ni babu wa babu yako.

Kisa cha pili ni cha juzi. Carol Highsmith, mpiga picha wa Marekani, alianza mwaka wa 1992 kuipa Maktaba hiyo ya Bunge maelfu ya picha zake, ili watu wote wazitumie bila malipo. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 ililetwa barua kwa shirika lake mwenyewe, ikilitaka lilipe dola 120 kwa kuitumia picha pasipo ruhusa. Picha yenyewe alikuwa ameipiga yeye! Kuchunguza, akakuta kwamba picha zake 18,755 zilikuwa zikikodishwa na kampuni ya Getty Images. Mwaka wa 2016 alishtaki, akidai dola bilioni moja. Mahakama iliyatupa madai yake makubwa, kwani mtu aliyekwisha kuiachilia mali yake kwa umma hawezi tena kumzuia mwingine asiichukue, hata kama mwingine huyo anaichukua ili aiuze. Mwaweza kuona ajabu, lakini ndivyo ilivyo: maji ya mto ni ya wote, na mwenye kuyatia chupani na kuyauza hafanyi kosa. Ndiyo sababu yafaa uende mtoni mwenyewe, katika maktaba au makumbusho yaliyoitoa picha, kabla hujamlipa muuza chupa.

Kati ya kumiliki kila kitu na kuachilia kila kitu ilipatikana njia ya tatu. Mwaka wa 2001 mwanasheria Lawrence Lessig na wenzake walianzisha Creative Commons, na Desemba 2002 wakatoa leseni zao za kwanza. Kwa leseni hizo mpiga picha hubaki na haki yake, bali hutangaza mapema anayoyaruhusu. Mmoja ataka atajwe jina tu. Mwingine akataza picha isitumiwe katika biashara: hiyo yafaa kwa insha yako ya darasani, lakini haifai kwa tangazo la duka la shangazi. Wa tatu hataki picha yake ikatwe wala ibadilishwe. Ghala la Wikimedia Commons, lililofunguliwa mwaka wa 2004, limejaa picha zenye leseni za Creative Commons, na makumbusho ya Metropolitan ya New York iliachilia picha 375,000 mwaka wa 2017. Unsplash ilianza Montreal mwaka wa 2013 kwa picha kumi tu zilizobaki baada ya kazi nyingine. Mwaka wa 2021 ikanunuliwa na Getty Images, yaani mwenye duka akalinunua ghala la sadaka. Masharti huweza kugeuka wakati wowote. Kwa hiyo andika tarehe uliyoichukulia picha.

Andika pia jina la mpiga picha. Nimesahihisha kazi nyingi ambazo chini ya kila picha pameandikwa neno moja, Intaneti. Ni sawa na kunukuu maneno ya mtu kisha ukaandika kuwa umeyatoa Kabatini.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huilinda picha kwa miaka hamsini, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka iliopigwa au kutolewa kwa watu mara ya kwanza, ule uliokuja nyuma zaidi. Ama mtu aliyemo pichani, yeye hulindwa na Katiba ya mwaka wa 2010, inayompa kila mtu haki ya faragha, na mahakama zetu zimekwisha kuwaamuru wafanya biashara walipe fidia kwa kuitia sura ya mtu katika matangazo pasipo ridhaa yake. Mpiga picha wa mtaani mwenu, anayelipa kodi ya chumba kwa kamera yake, naye mfikirie kabla ya kukimbilia za bure. Yeye anazo picha za soko lenu, na ghala la Montreal huenda halina hata moja.

Ikiwa wataka ya kuanzia, itafute picha ya dunia iliyopigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17 walipokuwa njiani kwenda mwezini, umbali wa kilomita zipatazo 29,000. Ni kazi ya serikali ya Marekani, haina hakimiliki. Bara la Afrika limeenea juu yake, na pwani yetu yaonekana dhahiri. Ilipopigwa, hapa Kenya ilikuwa yapata saa saba na nusu mchana, na watu wote waliokuwapo nchini siku ile wamo ndani yake. Hapana hata mmoja aliyeombwa ruhusa.