Mizani Hugezwa, Hairekebishwi

Kwenye vituo vya kununulia mpunga, kuanzia Majimoto hadi hapa Kasansa, imetundikwa kadi ya maelekezo iliyopigwa plastiki. Mstari wake wa kwanza unasema: "Rekebisha mizani yako kila asubuhi kabla ya kuanza kazi." Kadi hiyo nimeikuta pia juu ya meza ya dalali wa dhahabu Mpanda mjini. Kisha maneno yale yale, neno kwa neno, nikayakuta ndani ya tafsiri ya kijitabu cha mizani ndogo ya kupimia baruti, ile wanayoitumia watu wanaojaza risasi wenyewe. Kijitabu nililetewa na kijana wa kambi ya uwindaji, upande wa Pori la Akiba Rukwa, aliyetaka nimtazamie kama Kiswahili chake kimenyooka. Hakijanyooka. Mfasiri simjui. Kamati ya istilahi iliyompa neno rekebisha naijua, na nitaistahi kwa kutoitaja.

Dhana yenyewe, ile Waingereza wanayoiita calibration, haina fumbo kwa msomaji wa makala haya. Unachukua kitu ambacho uzito wake unajulikana kwa hakika, unakiweka juu ya mizani, unaandika mizani imesema nini. Tofauti ya hayo mawili ndiyo habari uliyokuwa ukiitafuta. Basi. Hakuna bisibisi humo. Kamusi ya kimataifa ya istilahi za vipimo, toleo la tatu, lililotoka mwaka 2008, imeweka tanbihi mahususi kuonya kwamba kazi hii isichanganywe na kurekebisha chombo. Ni tanbihi fupi. Kamati ilipata muda wa chai ya saa nne, wa chakula cha mchana na wa kusaini posho. Muda wa kusoma tanbihi ukakosekana.

Kurekebisha ni amri kwa mkono. Ukimwambia karani wa mpunga arekebishe mizani kila asubuhi, naye ni mtu mtiifu, atarekebisha: atazungusha skrubu hata kama jana mizani ilikuwa sawa, kwa sababu ndivyo kadi ilivyosema. Baada ya msimu mmoja wa utiifu wa namna hiyo, hakuna anayejua mizani ilianzia wapi wala imepotoka kwa kiasi gani. Mizani iliyo na kosa linalojulikana bado inafaa, maana kosa linalojulikana hutolewa kwa hesabu. Mizani inayorekebishwa kila alfajiri haina hata historia.

Wapo waliokwisha kuliona hilo wakakimbilia maneno mengine, na sina budi kupita nyuma yao nikifagia. Wa kwanza wanasema kusawazisha. Kusawazisha ni kazi halali kabisa: ni kuiweka mizani juu ya meza isiyotikisika na kuzungusha miguu yake mpaka kiputo kitulie katikati ya duara. Lakini mizani iliyosawazishwa vizuri inaweza kudanganya vizuri vilevile. Wa pili wanasema kuhakiki. Neno hilo lina mwenyewe. Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, huhakiki mizani za biashara kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kubandika stika. Hiyo ni hukumu: mizani imepita au haikupita. Sina ugomvi na stika, ila kazi ninayoizungumzia inakuja kabla ya hukumu, kama ushahidi. Isitoshe, kila aliyepata kukaa kwenye somo la Kiswahili sekondari anajua kuwa uhakiki ulikwisha kuchukuliwa na walimu wa fasihi, na naogopa siku mwanafunzi atakapotakiwa ajadili dhamira na maudhui ya mizani ya mazao.

Wa tatu ni vijana wa "kalibrisheni". Hawa nawapenda kwa sababu hawajifichi. Wamelibeba neno kutoka bandarini na utepe wa forodha bado uko juu yake. Ila hawajui wamebeba nini.

Neno la Kifaransa calibre, ambalo Waingereza walilichukua wakalizalia kitenzi, wanaisimu wengi hulirudisha kwenye Kiarabu qālib, yaani umbo la kumiminia, na wengine hulisukuma nyuma zaidi hadi Kigiriki, kwenye kiguu cha mti cha fundi viatu. Kutoka umbo la kumiminia likawa kipenyo cha risasi. Kutoka kipenyo cha risasi likawa kipenyo cha mtutu. Kutoka kupima mtutu likawa kupima kila kitu. Sasa Kiswahili kilikwisha kuichukua qālib kutoka kwa mwenyewe, bila kupitia Paris wala London. Tunayo kalibu, chombo cha kuyeyushia na kumiminia madini, na kamusi zetu zinayo. Kwa hiyo kijana wa kalibrisheni anaazima kwa jirani mtoto wa ng'ombe ambaye mama yake amelala zizini kwetu.

Na tukiwa kwenye kalibu, tusiiruke risasi. Kiarabu raṣāṣ ni madini, yale mazito ya kijivu yanayoyeyuka upesi. Kiarabu chenyewe kilikwisha kuyafanya madini na kitu kinachotoka mtutuni viwe neno moja, na Kiswahili kikayapokea yote mawili. Sisi wa Katavi tuna haki ya pekee juu ya neno hili. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, haikujengwa kwa ajili ya abiria wala mahindi. Ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, pale Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukabaki. Mpanda ni mji uliozaliwa na risasi bila vita. Nimepata kulisema hili katika semina moja, na bingwa mmoja wa istilahi kutoka pwani akanisahihisha kwamba nilikusudia "vita bila risasi". Sikumjibu. Namjibu sasa.

Basi kwa nini nisiseme "ukalibu"? Nasaba yake ni nzuri kuliko ya mahasimu wake wote, na kwa mtu wa baruti lina mvuto wa ziada, maana anayemimina vichwa vya risasi anahitaji kalibu kwelikweli. Nimelipima neno hilo kwa muda mrefu. Kasoro yake iko mdomoni. Huku kwetu wengi wetu hatutenganishi r na l tukichoka, na mizani iliyokalibishwa itasikika imekaribishwa. Kamati isiyosikiliza watu wakizungumza sokoni haiwezi kuiona kasoro hiyo kwenye karatasi.

Neno ni kugeza. Sikulibuni mimi, wala sitaki sifa hiyo, ingawa wapo waliodai sifa kwa maneno mabaya zaidi. Geza ni kufuatisha kitu kwa kukitazama kingine kilichotangulia, kukifananisha nacho, kuona kama vimelingana. Fundi cherehani akiweka karatasi ya mfano juu ya kitambaa, ile karatasi ni kigezo. Kigezo kila Mtanzania analijua. Redio imemwambia mara elfu kwamba vigezo na masharti vitazingatiwa, akazima. Kwa Waganda mitihani ni ebigezo, na kitenzi chao cha kujaribu na kupima ni hicho hicho cha kwetu, kwa hiyo shina hili lina ndugu Nyanza ya juu, halikuokotwa pwani jana. Shirika la Viwango Tanzania limekuwa likiliita eneo hili ugezi, na lina maabara yenye jina hilo. Tatizo ni kwamba nomino imefungiwa maabara Dar es Salaam, na kitenzi chake hakikupewa nauli ya kufika kwenye kadi ya Kasansa. Ndani ya jengo, ugezi. Ukitoka mlangoni, rekebisha.

Uzuri wa geza ni kwamba linakulazimisha useme unageza kwa kitu gani. Huwezi kugeza hivi hivi. Lazima ugeze kwa kitu. Rekebisha halidai chochote. Katika upungufu huo wa sarufi ndipo hasara inapoingia, na sasa niseme kuhusu baruti, ambayo haina mzaha kama mpunga.

Mizani za dijiti zina kitufe kimeandikwa CAL. Ukikibonyeza, inakuomba uweke jiwe la uzito fulani, tuseme gramu 100, kisha inaamini kwamba ulichoweka ni gramu 100. Huko ni kurekebisha, tena kurekebisha kwa imani. Chukulia jiwe lako lina gramu 101. Kuanzia hapo mizani itasoma pungufu kwa takribani sehemu moja ya mia, siku nzima, bila aibu. Mchimbaji aliyetoka Ibindi akiweka dhahabu yake, dalali ataiona chini ya ilivyo, na mchimbaji amepunjwa. Sasa mpe mizani hiyo hiyo mtu anayejaza ganda la risasi. Yeye anaongeza baruti mpaka tarakimu aliyoandikiwa na kitabu itokee; tarakimu inachelewa kutokea, naye anaongeza. Kosa lile lile linalomnyima mchimbaji ndilo linalomjazia mwenye bunduki baruti kupita kiasi, na shinikizo ndani ya mtutu halipandi kwa uwiano wa moja kwa moja na baruti. Hupanda kwa kasi kuliko nyongeza yenyewe.

Tena kipimo chenyewe ni kidogo mno. Baruti hupimwa kwa punje: punje 7,000 ni ratili moja, punje 180 ni ile tola ya maduka ya Kihindi, na punje moja ni takribani miligramu 64.8. Ganda la bastola ya milimita 9 huchukua punje chache tu, nne au tano au sita kwa aina nyingi za baruti. Nusu punje hapo ni sehemu ya kumi ya kila kitu. Mizani ya kazi hiyo lazima isome sehemu ya kumi ya punje, ambayo ni miligramu sita na nusu. Mizani ya dalali inayosoma hadi gramu 0.01, yaani miligramu kumi, inatosha kwa biashara ya pointi za dhahabu, lakini kwa baruti ni kipofu. Yule kijana wa kambi alidhani mizani ya dhahabu ndiyo mwisho wa usahihi. Nani angemlaumu?

Matumizi, kwa haraka, maana nafasi inakwisha: silaha na risasi ni mambo ya leseni chini ya sheria ya mwaka 2015, kwa hiyo anza na leseni, nunua mizani yenye mawe yake, na mawe yawe karibu na uzito unaoupima, kwa kuwa jiwe la gramu 100 halisemi lolote kuhusu punje tano, washa mizani ya dijiti mapema ipate joto, funga dirisha na feni, weka simu mbali, geza kabla ya kujaza, geza katikati, geza mwishoni, na kila mara tazama kama inarudi sifuri sahani ikiwa tupu, mizani ya mkono isome macho yakiwa usawa wa alama, usishike jiwe kwa vidole vyenye mafuta, andika kila usomaji daftarini. Ukiona tofauti isiyokubalika, acha kazi. Hapo, na hapo tu, ndipo panapoitwa kurekebisha, na baada ya kurekebisha unageza tena.

Niliyaandika haya yote, kwa ufupi zaidi na kwa adabu zaidi, katika barua kwa kamati. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba pendekezo limepokelewa. Toleo jipya la orodha yao lilipotoka, rekebisha lilikuwa mahali pake, na pembeni, kama kunyamazisha mtu, wameongeza "urekebishwaji", pengine kwa imani kwamba neno lisilofaa katika kauli ya kutenda hutakata katika kauli ya kutendwa.

Mimi nitaendelea na yangu: geza, gezwa, gezesha, mgezaji, cheti cha ugezi, jiwe la kugezea. Hilo la mwisho nalo limepata mpinzani. Kuna anayetaka liitwe "uzani rejea". Wanunuzi wa mpunga hapa Kasansa, Wapimbwe kwa Wasukuma, huita jiwe, hata likiwa la chuma cha pua. Kijitabu cha yule kijana nimekirudisha kambini na jiwe likiwa jiwe.