Kushuka Kinyumenyume

Wasomaji wenzangu, ikitajwa Vita Kuu ya Pili wengi wetu tunamkumbuka Hitler, halafu bomu la Hiroshima, basi. Mimi leo nataka twende Midway, visiwa vidogo katikati ya Pasifiki, tarehe 4 Juni 1942. Majemadari tuwaache kidogo. Tuwatazame watu wawili waliobanana ndani ya ndege moja ya Kimarekani: Luteni Dick Best, rubani, na James Murray, fundi wa redio aliyekaa nyuma yake na bunduki, kamgeuzia mgongo.

Ndege yenyewe, Dauntless, kazi yake kupiga mbizi. Inapanda futi maelfu, kisha rubani anaielekeza pua chini, karibu wima kabisa, juu ya meli ya adui inayotema risasi. Sasa hebu jiweke mahali pa Murray! Unashuka kinyumenyume, huoni unakokwenda, unaona mbingu tu zikikukimbia. Mimi humwaza huyu kuliko rubani.

Asubuhi ile ndege za topido zilikuwa zimetangulia, na zilichinjwa: kati ya 41, zaidi ya 30 ziliangushwa. Akina Best nao walikuwa wamezunguka baharini muda mrefu wakiwasaka Wajapani (haohao ambao babu zetu wa Keya walikuja kupambana nao Burma mwaka 1944), mafuta yanakwisha. Walipowaona, ikatokea vurugu. Vikosi vyote viwili vya manowari ya Enterprise vikajitupa juu ya meli moja, Kaga. Best, aliyekuwa anajiandaa kuipiga hiyohiyo, akashtukia wenzake wanampita kwa kasi kutoka juu.

Angeweza kuwafuata. Nani angemlaumu? Lakini aliiacha Kaga, na ndege mbili tu zikamfuata. Ndege tatu, jamani, dhidi ya Akagi, meli ya Admirali Nagumo mwenyewe!

Bomu lake la paundi 1,000 lilitoboa sitaha karibu na lifti ya katikati, likalipuka ghalani miongoni mwa ndege zilizojazwa mafuta na silaha. Moto haukuzimika. Alfajiri ya pili Wajapani wenyewe waliizamisha Akagi kwa topido zao. Kuna wanaosema ni bahati. Sawa, ila bahati isingefika pale bila mtu kuchagua shabaha.

Jioni hiyohiyo Best na Murray wakaruka tena, safari hii kuishambulia Hiryu, nayo ikapigwa. Manowari 4 za kubebea ndege Japani ilizipoteza pale.

Na Best? Risasi hazikumgusa. Kumbe asubuhi ile alikuwa amevuta hewa yenye sumu kutoka kifaa kibovu cha oksijeni. Akaanza kukohoa damu, madaktari wakamkuta na kifua kikuu. Alikuwa na miaka 32, na hakurusha tena ndege ya vita.